Sheikh Uways wa Barawa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ikikaribia hauli, yaani kumbukumbu ya kila mwaka ya kifo, ya Sheikh Uways bin Muhammad al-Barawi, mwishoni mwa Mfungo Sita, maswali ni yaleyale: alikuwa nani, alifika kwetu au hakufika, aliuawa na nani, na ile zikri ya kukohoa ni yake au si yake. Yamekusanywa hapa pamoja na majibu yake. Palipo na jambo lililokwisha kuelezwa, msomaji ataelekezwa kwenye swali lake.

## Mtu mwenyewe

Sheikh Uways ni nani?

Ni khalifa wa twarika (njia ya kisufi) ya Qadiriya aliyezaliwa Barawa, mji wa pwani ya Benadir ulioko kiasi cha kilomita 200 kusini-magharibi mwa Mogadishu, mwaka 1847. Alikwenda Baghdad akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, akakaa huko miaka kadhaa, akarejea na ijaza, yaani ruhusa, ya kuwaingiza watu twarikani. Kuanzia hapo mpaka alipouawa mwaka 1909 alizunguka kati ya Benadir, bara ya Somalia na Zanzibar. Wanafunzi wake na wanafunzi wa wanafunzi wake wakaifikisha Qadiriya mbali kuliko alikofika yeye kwa miguu yake.

Wasomali humwita Sheekh Aweys. Pwani utasikia Uwesi, Aweisi, Awesu. Ni mtu yuleyule.

Ndiye Uways al-Qarni anayetajwa kwenye hadithi?

Siye. Uways al-Qarni alikuwa Myemen wa zama za Mtume (s.a.w.) ambaye hakubahatika kuonana naye, na inasimuliwa kuwa alikufa katika vita vya Siffin mwaka 37 wa Hijra. Kati yake na Sheikh wa Barawa kuna zaidi ya miaka 1,200.

Mchanganyiko huu una sababu nyingine. Katika lugha ya masufi, mtu aliyelelewa kiroho na sheikh ambaye hakuwahi kukutana naye huitwa Uwaysi, kwa kumfananisha na yule wa Qarn. Kwa hiyo ukisoma kitabu cha Kiajemi au cha Kituruki kinachotaja Uwaysiya, usidhani wanazungumzia zikri ya Welezo, kituo cha Qadiriya kule Unguja. Uwaysiya yetu ya Afrika Mashariki ni tawi la Qadiriya linalopitia kwa Uways wa Barawa, na yeye alipewa ijaza ana kwa ana na sheikh aliye hai.

Alikuwa Msomali au Mswahili?

Swali hili huwachemsha watu bila sababu. Barawa ya karne ya 19 ilikuwa mji ambao mtu angeweza kununua samaki kwa Chimini, kufanya biashara ya ngozi kwa Kisomali na kusoma fiqhi kwa Kiarabu siku moja. Chimini, ambacho wengine hukiita Chimbalazi, ni ndugu wa Kiswahili; Mswahili wa Lamu akisikiliza polepole hupata mengi. Mji ulikuwa chini ya himaya ya Sultani wa Zanzibar, japo mamlaka yake hayakwenda mbali na ufuo, mpaka Waitaliano walipokodishiwa bandari za Benadir mwaka 1892 na kuzinunua kabisa mwaka 1905.

Kwa hiyo Uways alikuwa Mbarawa. Alitunga kaswida kwa Kiarabu na kwa Kisomali, na alipokwenda Zanzibar hakuwa mgeni anayehitaji mkalimani. Anayetaka kumchukua awe wake peke yake, awe wa Mogadishu au wa Unguja, atalazimika kukata nusu ya maisha yake.

Alikuwa sharifu?

Hapana, na hili ni moja ya mambo makubwa katika habari yake. Wengi wa mashekhe waliosikilizwa pwani wakati huo walikuwa na nasaba ya kwenda kwa Mtume au jina la ukoo lililotosha kuwafungulia milango. Uways alitoka katika familia ya hali ya chini iliyokuwa chini ya ulinzi wa kabila la Tunni, na watafiti waliofuatilia habari zake wanaeleza kuwa asili yake ilikuwa ya watumwa.

Wapo wafuasi wanaochukizwa na habari hii wakaiona ni ya kumvunjia heshima. Mimi naiona kinyume. Mtu asiye na nasaba alipewa mkono na nyumba yenyewe ya Sheikh Abdulqadir Jeilani, ambaye Qadiriya imepewa jina lake, kisha akautumia mkono huo kuwapokea watu wasio na nasaba. Bila kulielewa hilo, swali la kwa nini Qadiriya iliwashika watu wa bara halijibiki.

## Baghdad na ijaza

Kwa nini aliacha Barawa akaenda Baghdad?

Barawa ilikuwa na wanachuoni wa kutosha. Uways alisoma hapo Kurani, tafsiri, nahau na mwanzo wa tasawwuf. Lakini Qadiriya ina kitovu, nacho ni kaburi la Sheikh Abdulqadir Jeilani, aliyefariki Baghdad mwaka 561 wa Hijra (1166). Kizazi chake kilibaki pale kikishika msikiti, madrasa na funguo za kaburi, na mkubwa wao alikuwa akipewa cheo cha naqibu wa masharifu wa mji.

Uways alisafiri kuelekea huko karibu na mwaka 1870. Aliyempokea na kumlea ni Sayyid Mustafa bin Salman, wa kizazi hicho hicho cha Jeilani. Wakati wa makazi yake huko alikwenda pia kuhiji. Tuyatazame majira: Mfereji wa Suez ulikuwa ndiyo kwanza umefunguliwa (1869), meli za moshi zilikuwa zimeanza kukatiza Bahari ya Hindi, na safari ambayo babu yake asingeiwazia ilikuwa sasa imo ndani ya uwezo wa kijana asiye na mali.

Ijaza ni nini? Si ni sawa na kuhitimu masomo?

Kuhitimu kunasema unajua. Ijaza ya twarika inasema umeruhusiwa. Mtu anaweza kuwa bahari ya elimu asiwe na ruhusa ya kumpa mwenzake uradi, yaani dua na zikri maalumu za twarika, na anaweza kuwa mwanafunzi wa kawaida akapewa ruhusa hiyo na sheikh wake. Sheikh anapompa mtu ijaza, jina lake linaingia mwishoni mwa silsila, yaani mnyororo wa majina unaopanda kutoka kwake kwenda kwa sheikh wake, kwa sheikh wa sheikh wake, mpaka kwa Abdulqadir Jeilani na kuendelea hadi kwa Mtume (s.a.w.).

Kuna daraja. Muridi hupewa mkono, hupokea uradi wake na kuhudhuria halqa, yaani duara la zikri. Khalifa anaruhusiwa kuwapokea wengine na kuwaweka makhalifa wengine chini yake. Uways alirudi kutoka Baghdad akiwa na ruhusa hii ya pili, ndiyo maana twarika iliweza kukimbia mbele yake.

Alirudi vipi, na lini?

Alirudi kwa kupitia Hijazi na Yemen, akashuka upande wa kaskazini wa Somalia, akavuka bara kuelekea kusini. Njiani alizuru Qolonqol, Ogaden, kwenye kaburi la Sheikh Abdulrahman al-Zaylai, sheikh mkubwa wa Qadiriya na mwanachuoni wa nahau aliyefariki mwaka 1882. Alifika kwao Barawa mwanzoni mwa miaka ya 1880. Waandishi wa manaqib, yaani visa vya sifa zake, wanaitilia uzito ziara ile ya Qolonqol, kwa sababu ilimwunganisha na tawi la Qadiriya lililokuwa limekwisha ota mizizi nchini mwake kabla yake.

## Zanzibar na bara

Zanzibar alikaribishwa na nani?

Na Sultani Barghash mwenyewe, aliyetawala kutoka 1870 mpaka 1888. Uways alifika Unguja miaka ya 1880 na akarudi tena nyakati za masultani waliofuata.

Hapa watu huuliza, na wana haki ya kuuliza: Barghash alikuwa Muibadhi, na Waibadhi hawana desturi ya twarika. Alimtakia nini sheikh wa Qadiriya? Majibu mawili yanaingia akilini. Kwanza, raia wengi wa Sultani walikuwa Mashafii, yaani Wasuni wa madhehebu ya Shafii, na mtawala anayewapenda masheikh wa raia wake hulala usingizi mzuri zaidi. Pili, hiyo ndiyo miaka Wajerumani na Waingereza walipokuwa wakimmegea ardhi yake bara. Mapatano yao ya 1886 yalimwachia ukanda wa maili kumi tu wa pwani. Sheikh mwenye wafuasi kuanzia Benadir mpaka Mrima, pwani ya bara inayoelekeana na Unguja, alikuwa mtu wa kuwa naye karibu. Na kuna jibu la tatu ambalo wanahistoria hulisahau: huenda Sultani alimpenda tu.

Hata hivyo Uways hakukuta uwanja mtupu. Mbarawa mwenzake, Sheikh Abdulaziz al-Amawi, aliyekuwa kadhi Zanzibar na aliyefariki mwaka 1896, naye alikuwa Mqadiri mwenye halqa yake.

Alifika Tabora, Ujiji au Kongo?

Hapana. Zipo simulizi nyingi za mtaani zinazosema "Sheikh alilala hapa", na nyumba za kuonyeshwa hazikosekani, lakini waliofika bara ni makhalifa. Unguja mmoja wa wakubwa wao alikuwa Sheikh Umar Qullatain, na Welezo, nje kidogo ya mji, ikawa kituo ambacho watu walikwenda kuchukua ijaza. Tabora twarika ilishikwa na Zahor bin Muhammad, naye mwenye asili ya Barawa. Ukitoka Tabora, njia ni ileile ya misafara ya pembe: Ujiji, kuvuka ziwa kwenda Rumonge, na kuingia Maniema mpaka Kasongo. Ndiyo sababu Mqadiri wa Burundi na wa mashariki ya Kongo husoma kaswida zilezile, kwa Kiswahili kilekile cha dua, na wa Unguja.

Kusini ilikwenda kwa jahazi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Qadiriya iliingia kisiwa cha Msumbiji kwa watu waliotoka Zanzibar, na Wayao wakaipandisha mpaka kando ya Ziwa Nyasa.

Kwa nini iliwavuta zaidi watu wa bara na waliokuwa watumwa?

Biashara ya watumwa kwa bahari ilipigwa marufuku Zanzibar mwaka 1873, utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na kwenye bara la Tanganyika mpaka 1922. Katika muda huo wote pwani ilijaa watu waliokuwa Waislamu wa kweli, wanaosali na kufunga, lakini msikitini wakikaa safu za nyuma na harusini wakiulizwa "wa ukoo gani?". Elimu ya vitabu ilikuwa na milango yake, na aghalabu mlango ulikuwa sebule ya mtu tajiri.

Halqa ya zikri haina sebule. Watu wanasimama duara, aliyeingia anashikwa mkono, na baada ya miaka kadhaa yule Mmanyema mchuuzi wa samaki anaweza kuwa khalifa mwenye bendera yake na muridi zake, na mtoto wa bwana wake wa zamani akaja kumbusu mkono. Haya yalitokea kweli: Yahya bin Abdallah, Sheikh Ramiya wa Bagamoyo, aliletwa pwani kutoka Kongo akiwa mtoto mtumwa, akawa sheikh wa Qadiriya ambaye mji mzima ulimnyenyekea mpaka alipofariki mwaka 1931. (Kama silsila yake inapita kwa Uways, tazama sehemu ya mwisho.)

Sisemi kwamba twarika ilifuta tabaka. Hata humo ndani walikuwepo waliotaka kukaa mbele. Ila ilitoa cheo ambacho hakikurithiwa kwa damu, na pwani ya wakati ule ilikuwa na vyeo vichache vya namna hiyo.

Inatofautianaje na Alawiya na Shadhiliya?

Kwa kifupi sana: Alawiya ni njia ya masharifu wa Hadhramaut, yenye kushikana na nasaba na madrasa, na Lamu ndiko ilikong'aa zaidi kupitia Habib Saleh. Shadhiliya ilienezwa kwetu na Mngazija, Sayyid Muhammad Maaruf, aliyefariki mwaka 1905. Watu wa njia hizi tatu walijuana au walisikiana, na hakukosekana mtu aliyechukua uradi wa njia mbili.

Alihusika na Barua ya Maka ya 1908?

Katikati ya mwaka 1908 ilienea barua Afrika Mashariki ya Kijerumani, ikisemekana kutoka mji mtakatifu. Ilieleza ndoto ya mlinzi wa kaburi la Mtume na kuwaonya Waislamu kuwa Kiyama ki karibu, watubu na waache kuchanganyika na makafiri. Wajerumani, ambao vita vya Majimaji vilikuwa bado vinawanukia puani, waliingiwa na hofu. Wakakamata watu, wakawaandama walimu, na Qadiriya ikaandikwa kwenye mafaili yao kuwa chama cha hatari.

Kutokana na mafaili hayo, baadhi ya wanahistoria waliunganisha nyuzi: barua, Rumaliza (Muhammad bin Khalfan al-Barwani, mfanyabiashara wa zamani wa Ujiji aliyekuwa akiishi Zanzibar), na wanafunzi wa Sheikh Uways. Wengine waliokuja baadaye wakasema barua za ndoto za aina ile zimekuwa zikizunguka ulimwengu wa Kiislamu tangu zamani, na kwamba hofu ya serikali ilikuwa kubwa kuliko jambo lenyewe. Mimi nawaelekea hawa wa pili. Barua inazungumza na dhamiri za wasomaji wake kuliko inavyozungumza na gavana. Na kuhusu Uways binafsi, mwaka ule alikuwa bara ya Somalia, akikabiliwa na adui mwingine kabisa.

## Zikri, tungo na karama

Zikri ya kukohoa ni yake?

Wafuasi wa Uwaysiya hapa kwetu wanainasibisha naye, na matawi mengine ya Qadiriya ambayo hayamo katika mnyororo wake mara nyingi hayana. Kinachoitwa kukohoa si kikohozi. Ni pumzi: halqa ikipamba moto, jina la Mwenyezi Mungu huacha kutamkwa kwa ulimi likawa linatoka kifuani, sauti nzito ya kuvuta na kutoa, mwili ukiinama na kuinuka kwa pamoja.

Ubishi juu yake ni wa zamani. Wapo wanachuoni, wakiwemo masufi wa njia nyingine, waliosema jina la Allah halifai kukatwa herufi; na wapo waliojibu kwamba mwenye kuzama hashikwi kwa matamshi. Anayetaka hukumu ya fiqhi amwendee mwalimu wake. Ukurasa huu unasimulia tu.

Wanawake waliruhusiwa?

Ndiyo, na si kukaa nyuma ya pazia tu. Mfano ulio wazi ni wa Nyasaland, Malawi ya leo, ambako mmoja wa walioitia nguvu Qadiriya alikuwa mwanamke, Mtumwa binti Ali bin Yusuf, Myao aliyechukua twarika Zanzibar. Alikuwa khalifa, aliwaingiza wanaume kwa wanawake, na alifariki mwaka 1958. Jina lake na cheo chake ukiviweka pamoja, hoja ya swali lile la waliokuwa watumwa haihitaji kuongezwa neno.

Barawa nayo ilikuwa na Dada Masiti, mshairi wa Chimini na mtu wa zama moja na Uways, ambaye tungo zake zinasomwa na Wabarawa mpaka leo popote walipotawanyikia.

Aliacha vitabu?

Aliacha kaswida. Nyingi ni za kumsifu Mtume na Sheikh Abdulqadir, na wanafunzi wake, hasa Sheikh Qasim bin Muhyiddin wa Barawa, walizikusanya pamoja na zao. Habari za maisha yake zimehifadhiwa katika manaqib zilizoandikwa na warithi wake wa njia na kuchapwa Cairo katikati ya karne ya 20. Manaqib si wasifu kama ule wa mwanahistoria: yanaandikwa ili yasomwe kwa sauti, uvumba ukifuka, na yanapanga matukio kwa baraka zake kuliko kwa tarehe zake. Ukiyasoma kwa kutafuta kalenda utachoka bure.

Karama zake ni za kweli?

Anayeamini karama za mawalii hahitaji ushahidi wangu, na asiyeamini hatashawishika. Ila zisome. Kimojawapo ni kisa cha Mogadishu, ambako anasimuliwa kuwa aliwaachisha vijana ngoma moja iliyokuwa ikileta fujo, wakaingia kwenye zikri. Hata ukikitoa muujiza wote, kinabaki kitu cha kufikiria: hakuwanyang'anya sauti na mwendo wa mwili, aliwabadilishia maneno. Mwenye kujua jinsi dufu lilivyoingia kwenye maulidi ya pwani ataitambua mbinu hiyo.

## Kuuawa kwake

Nani alimuua Sheikh Uways, na wapi?

Aliuawa Biyoley, kijiji cha twarika alichokaa mwishoni mwa maisha yake katika nchi iliyo kati ya mito Juba na Shabelle, tarehe 23 Mfungo Sita 1327, sawa na 14 Aprili 1909. Waliomshambulia walikuwa wapiganaji wa Sayyid Muhammad Abdille Hassan, kiongozi wa Madarwishi. Aliuawa pamoja na wanafunzi wake.

Si Sayyid naye alikuwa sufi? Ugomvi ulikuwa wa nini?

Alikuwa sufi, na hapo ndipo kisa kinapouma. Sayyid Muhammad alikuwa wa twarika ya Salihiya, aliyoichukua Makka kwa sheikh wake Muhammad Salih, na kuanzia 1899 alipigana na Waingereza, Wahabeshi na Waitaliano kwa ukali usiosahaulika. Salihiya yake iliwashutumu Waqadiri kwa tawasuli, yaani kuomba kwa kupitia mawalii waliokufa, na kwa kulegea katika mambo ya dini.

Uways alijibu kwa kalamu. Katika shairi la Kiarabu aliwaita Salihiya kundi la shetani, akawalaumu kwa kuhalalisha damu za wanachuoni, mali za watu na wake zao, na kwa kukataza ziara. Lilikuwa shairi kali, nalo lilisambaa. Chini ya maneno hayo kulikuwa na suala la nani atafuatwa: kusini yote ilikuwa ikielekea Qadiriya, na Madarwishi hawangeweza kushuka huko wakiwa na Uways hai. Upo ubeti wa Kisomali unaonasibishwa na Sayyid, wa kufurahia kuwa mzee yule alipouawa mvua ikaanza kunyesha.

Basi Uways alikuwa upande wa wakoloni?

Hili huulizwa na vijana waliosoma historia ya Somalia shuleni, ambamo Sayyid ni shujaa wa taifa na serikali ya Siad Barre ilimsimamishia sanamu ya farasi Mogadishu. Ikiwa huyu ni shujaa, basi aliyeuawa naye lazima awe msaliti; hesabu ni rahisi, na si sahihi. Uways hakushika bunduki dhidi ya Waitaliano, lakini pia hakuwa mtumishi wao. Na nakumbusha kwamba mwaka mmoja kabla ya kifo chake Wajerumani walikuwa wakiwashuku wanafunzi wake kwa uasi (tazama swali la Barua ya Maka). Mtu hawezi kuwa kibaraka Mogadishu na mchochezi Lindi kwa msimu mmoja.

Kaburi lake huzuriwa?

Biyoley imekuwa mahali pa ziara tangu alipozikwa. Hali ya usalama imebadilisha mengi: kuanzia 2008 al-Shabaab wamebomoa makaburi kadhaa ya mawalii kusini mwa Somalia. Wabarawa na Waqadiri wengi hufanya hauli hukohuko walipo, iwe Mombasa, Unguja au Ulaya.

## Maswali ya pembeni

Je, kila Mqadiri wa Afrika Mashariki yuko chini ya Uways?

La. Qadiriya ilifika pwani kwa mikono zaidi ya mmoja. Sheikh Ramiya wa Bagamoyo, kwa mfano, ijaza yake inatajwa kupitia Muhammad bin Husayn al-Lughani, na watu wa tawi lake wanajua mnyororo wao. Tawi la Sheikh Husayn bin Abdallah al-Muin wa Zanzibar nalo ni jingine. Usimvike mtu kilemba cha nyumba isiyo yake.

Nina karatasi ya marehemu babu yenye majina mengi ya Kiarabu. Nitajuaje kama ni ijaza ya Uwaysiya?

Kwanza tafuta jina la babu yako au la sheikh wake. Huwa mwanzoni au mwishoni mwa mnyororo, kutegemea silsila imeandikwa kwa kupanda au kwa kushuka. Kisha fuata "an" kwa "an" (neno la Kiarabu lenye maana ya "kutoka kwa"), jina baada ya jina. Ukimkuta Uways bin Muhammad al-Barawi, na baada yake Mustafa bin Salman, na baada ya kitambo Abdulqadir Jeilani, ndiyo hiyo. Mnyororo ukifika kwa Abdulqadir bila kupita Barawa, ni Qadiriya ya tawi jingine na haina upungufu wowote. Ukiona majina ya Ba Alawi (masharifu wa Hadhramaut) tupu, huenda ni ijaza ya Alawiya au ni ijaza ya kitabu cha fiqhi, si ya twarika.

Usiipeleke kutiwa plastiki ya moto. Inaharibu wino na karatasi pamoja. Ipige picha pande zote mbili, maana mara nyingi tarehe na mashahidi wamo mgongoni, kisha iweke mahali pakavu.

Kwa nini tarehe za vitabu hazilingani?

Kwa sababu mwaka wa Hijra huangukia ndani ya miaka miwili ya Kizungu, na aliyegeuza huchagua mmoja. Mwaka 1263 ulianza Desemba 1846 na kwisha Desemba 1847, ndiyo maana wengine humwandika mzaliwa wa 1846. Ya kifo haina tatizo, kwa kuwa siku na mwezi vilihifadhiwa. Wanaofanya hauli kwa Aprili badala ya Mfungo Sita wameihamisha wenyewe.

Naweza kuchukua uradi wake kwa kuusoma mtandaoni?

Kuusoma unaweza, kama unavyosoma dua yoyote. Kuuchukua ni jambo jingine, na jibu lake liko kwenye swali la ijaza: anakupa mtu aliyepewa, naye atataka kukuona uso.